Muuzaji aliyeniletea i7 na i5

Jamani, leo nimemnywesha chai mtu ambaye sikupaswa kumwonyesha hata geti langu.

Natafuta laptop ya mtumba, ya kusahihishia mitihani na kuchezea gemu la mpira. Muuzaji akaniletea mbili hapa nyumbani Kihonda: i7 ya zamani na i5 ya juzijuzi.

Mimi na kimbelembele changu nikaikimbilia i7. Si saba ni kubwa kuliko tano?

Kwenye kuandika zilikuwa sawa tu.

Tukafungua gemu. i7 ikakwamakwama huku inanguruma kama mashine ya kusaga. i5 ikateleza. (Kumbe umri wa prosesa una uzito kuliko hiyo namba.)

Nikafurahi, nikabonyeza kuendelea. i5 ikaleta timu iliyokuwa imehifadhiwa humo: Mikese Nyota.

Timu hiyo niliiunda mimi na jirani yangu, Mwalimu Desderi. Kwake wezi walivunja mwezi uliopita, wakabeba laptop.

Kumbe walifuta na kupiga Windows upya kwenye diski C tu. D yenye magemu hawakuigusa.

Nikafunga taratibu. "Ngoja nifikirie kwanza, kaka."

Hakubisha. Alikuwa ananitazama usoni, si kwenye kioo.

Akamaliza chai, akabeba mashine zake. Mlangoni akageuka, mpole kabisa:

"Mwalimu, Jumapili huwa mnaenda wote misa ya kwanza, au ya pili?"

Na mimi, kwa mazoea ya kumjibu mgeni vizuri, nikasema: "Wote, ya kwanza."

Semeni neno, jamani. Kesho ni Jumapili.