Kabini Haiombwi

Baba yangu alikuwa karani katika ofisi moja pale Bukavu, na alipanda meli ya kwenda Goma mara nyingi kwa ajili ya kazi. Katika safari zote hizo, mara mbili alipewa kabini ya bure. Mara mbili tu. Lakini ukimsikia akisimulia mezani ungedhani meli ile iliundwa kwa ajili yake.

Mambo yalikuwa hivi. Sehemu ya juu ya meli ilikuwa na kabini chache, zote za kulipia isipokuwa moja. Hiyo moja haikuuzwa. Ilifungwa ikawekewa mkubwa yeyote ambaye angeweza kutokea dakika ya mwisho: komiseri, kanali, mtu wa Chama. Miaka ile ya Zaïre, mkubwa hakuulizwa kama atakuja au hatakuja, alingojewa tu. Honi ilipigwa mara tatu. Ikilia ya tatu na mkubwa hajaonekana, msimamizi wa abiria alishuka ngazi na ufunguo mkononi, akampa kabini mtu aliyemwona anafaa. Hiyo ndiyo ilikuwa bahati yenyewe, na haikudumu zaidi ya dakika tano.

Baba aliifanya bahati hiyo kuwa elimu nzima. Ufike mapema, lakini usiwe wa kwanza, maana wa kwanza ana njaa usoni. Viatu ving'ae. Usimame pale ngazi inaposhukia. Umsalimie msimamizi, umuulize habari za nyumbani kwake, kisha unyamaze. Usibebe kuku, wala mkungu wa ndizi, wala mkeka. Hasa mkeka.

"Mutu mwenye iko na mukeka, yeye mwenyewe amekwisha kusema iko wa chini," alituambia. "Na usiombe. Kabini haiombwe. Ukiomba, unamupa mutu njia ya kusema hapana."

Tulikuwa watoto saba na tuliyajua masharti hayo kwa moyo, kama sala ya jioni. Tuliijua na kabini yenyewe, ingawa hatukuwahi kuiona: vitanda viwili, kimoja kila upande, shuka nyeupe, meza ndogo katikati, dirisha la mviringo. Zile safari alizokaa juu ya magunia ya vitunguu tangu asubuhi mpaka jioni hakuzisimulia. Simlaumu sana kwa hilo. Hata mimi siku zangu za bahati nazikumbuka moja moja, zile nyingine zimechanganyika zote.

Nilipokuwa na miaka kumi na miwili, mama alipasuliwa tumbo. Daktari alimruhusu kurudi nyumbani, akamwonya asikae wima muda mrefu. Kila akichoka alale, mshono usije ukavutika. Kulala mchana katika nyumba ya watoto saba! Dada yake mkubwa aliyekaa Goma akatuma ujumbe: mleteni kwangu apumzike. Barabara na mashimo yake haikufaa kwa tumbo lililoshonwa, kwa hiyo ilibaki meli. Lakini baba alipokwenda kukata tikiti, kabini za kulipia zilikuwa zimekwisha. Akarudi na nafasi tatu za benchi, chini.

"Basi tungojee bato ya juma ijayo," mama alisema.

"Ya nini? Ile kabini ya mukubwa nitaipata," baba akajibu. "Muniachiye mimi."

Nilichaguliwa kumsindikiza mama, niwe mikono yake kule Goma. Asubuhi ya safari nilikunja mkeka, nikaufunga kwa kamba pamoja na mto. Baba aliviona mlangoni.

"Rudisha."

Nikamtazama mama. Mama akatazama ukuta. Jirani yetu, mama mmoja Mwislamu wa kutoka Uvira aliyekuja kutuaga, akasema polepole, "Mficha maradhi, kifo humuumbua." Baba akacheka, akamwambia kifo hakina tikiti ya meli. Nikavirudisha, nikauegemeza mkeka nyuma ya mlango. Mpaka leo najiuliza kwa nini siku ile nilitii, mimi ambaye ukaidi haujawahi kuniishia.

Mama alivaa kikwembe chake kizuri, kile alichokinunua soko la Nyawera kwa ajili ya komunyo yangu, pamoja na herini zake. Bendeji ikafichwa ndani. Baba alivaa abakosi, lile koti la kufungwa hadi shingoni bila tai, ambalo mtu wa ofisi siku zile hakuweza kuonekana bila hilo. Tukiwa njiani kwenda bandarini alimwonya mama, "Usishike tumbo. Kule juu hawapende mugonjwa, wanaogopa atakufa mu kitanda ya mukubwa."

Tukapanda melini na kusimama pale ngazi inaposhukia. Benchi zetu zilikuwepo, lakini baba alisema aliyekaa haonekani, kwa hiyo tulisimama. Honi ya kwanza ikalia. Msimamizi akapita, baba akamsalimia, akamuuliza habari za nyumbani, akanyamaza, yote kwa utaratibu. Honi ya pili. Mama alikuwa na jasho juu ya mdomo na asubuhi bado ilikuwa ya baridi. Nilimwona mkono ukienda tumboni, ukasimama njiani, ukashuka kushika kikwembe.

Honi ya tatu. Hakuna komiseri, hakuna kanali. Msimamizi akashuka na ufunguo, akaangaza macho juu ya watu wote, kisha akaja moja kwa moja kwa baba. Niliamini. Nilisema moyoni kwamba elimu ya baba ni ya kweli na nitamheshimu mpaka kufa.

"Citoyen," msimamizi alisema, yaani mwananchi, kama wote walivyoitana siku zile.

"Citoyen," baba akaitika, na sauti yake ilikuwa imekwisha kupanda ngazi.

"Nisaidiye kidogo. Kuko maman moja pale nyuma, iko mugonjwa sana. Nataka tumupandishe mu kabini. Weye naona iko mutu wa kuelewa. Shika pembe moja ya mukeka."

Mgonjwa huyo alikuwa mama wa kutoka kijiji cha Miti, mguu umevimba hadi gotini, amelala juu ya mkeka wake analia waziwazi bila haya yoyote. Nilifungua kinywa niseme kwamba hata mama yangu ni mgonjwa. Mama akanifinya chini ya kwapa, akafinya kwa nguvu, na akaendelea kumtabasamia msimamizi. Kwa hiyo nikafunga kinywa. Baba na wanaume wengine watatu wakashika pembe nne za mkeka, wakapanda na yule mama polepole. Baba aliporudi alikuwa anapangusa mikono.

"Iko mugonjwa kweli, ule maman," alisema.

"Ndiyo," mama akajibu, akaketi kwenye benchi.

Ilikuwa benchi ya mbao, haina pa kuegemea. Mama aliniegemea mimi. Bega likichoka tulibadilishana upande. Alijaribu kujilaza, lakini benchi ilikuwa nyembamba na imejaa watu, na sakafu ilikuwa na maji na mafuta. Tungekuwa na ule mkeka tungempatia nafasi kati ya mizigo. Baba alituonyesha vilima, akatueleza ni upande gani ulikuwa Rwanda na upande gani ulikuwa kwetu, kana kwamba tulikuwa tumemuuliza. Jua lilipanda naye hakufungua hata kifungo kimoja cha lile koti.

Saa sita meli ikasimama kwenye kisiwa cha Idjwi. Wauzaji wakasogea na mitumbwi yao iliyojaa mananasi. Mama akanunua moja, akaniambia nilikate, nusu niiweke kwenye sahani.

"Pelekea ule maman wa Miti. Mugonjwa anapenda kitu ya maji."

Nikapanda ngazi. Mlango wa kabini ulikuwa wazi kidogo. Yule mama alikuwa amelala kwenye kitanda cha kushoto, mguu juu ya mto, ametulia. Upande wa kulia kulikuwa na kitanda kingine. Shuka nyeupe imenyooshwa, mto haujaguswa. Nilisimama pale na sahani yangu mpaka yule mama akaniuliza, "Mutoto, mbona unalia?" Niliweka nanasi juu ya meza nikakimbia.

"Papa," nilisema nilipofika chini, "kuko kitanda ingine mule. Haina mutu."

"Ninajua," alisema.

Bila shaka alijua. Alikuwa ametusimulia vile vitanda viwili mara mia, na asubuhi ile alisimama kando ya hicho cha pili na pembe ya mkeka mkononi. Tangu honi ya tatu mpaka Idjwi alikuwa akijua. Lakini kuomba kungekuwa kukiri kwamba alikuwa wa chini tangu mwanzo, na kwamba mwanamke aliyemsimamisha pale kama mke wa komiseri alikuwa ametoka hospitali. Nilimchukia. Nasema wazi, kwa sababu ndivyo nilivyojisikia: nilimchukia baba yangu, na nilitaka ajue. Nikamkazia macho bila kupepesa, jambo ambalo siku nyingine lingeniletea kofi.

Akafungua kifungo cha juu. Kisha cha pili, mpaka cha mwisho. Akalivua lile koti, akalikunja vizuri, akaliweka magotini pa mama. Akabaki na fulana yenye tundu dogo begani. Msimamizi alikuwa ameegemea ukingo wa meli anakula hindi la kuchoma. Nikamfuata baba kwa nyuma nisikie.

"Papa, naomba," baba alimwambia, ingawa yule mtu alikuwa mdogo kwake kwa umri. "Bibi yangu iko mugonjwa. Walimupasula tumbo, haiyafika hata siku kumi. Niliogopa kusema."

Msimamizi akafuta mdomo.

"Na mulikuwa munangojea nini?"

Ikawa basi. Mwomba chumvi huombea chungu chake, wazee walisema, na haikuchukua hata muda wa mtu kumaliza hindi lake. Tukampandisha mama. Alijilaza kwenye ile shuka nyeupe na herini zake masikioni, akasema "ah", akalala mpaka Goma. Baba hakuingia. Alisimama nje ya mlango muda wote huo, koti likiwa mkononi, na kila aliyepita alimwona na fulana yake.

Tangu siku ile hakuifundisha tena elimu ya kabini. Mdogo wangu akimwomba asimulie, alimwambia ale bugali. Nami niliendelea kumkasirikia kwa muda mrefu kuliko ilivyostahili, mpaka nilipokuwa na nyumba yangu mwenyewe na aibu zangu mwenyewe za kuficha.

Baba alipokuwa amekwisha kufariki, na mama amekuwa mzee wa kukaa kitandani, nilimuuliza.

"Maman, ulijua kama kuko bitanda mbili?"

"Papa yako alisimulia mara ngapi? Hata mbuzi ya jirani ilijua."

"Basi njo maana ulinituma juu."

"Nilikutuma kupeleka nanasi," akasema, akacheka mpaka akakohoa.

Nikamuuliza tena, maana hilo ndilo nililolibeba miaka yote: masaa yale yote juu ya benchi, na mshono ule, na baba karibu yake anajua na hasemi. Je, kama asingekwenda kuomba?

Mama aliweka mkono juu ya tumbo, pale penye kovu.

"Alienda," alisema, kisha akaniomba nimsogezee mto.