Mama amenishinda mbio kwenye kuanua karafuu

Leo nimeshindwa mbio na mama yangu mzazi.

Na mimi ni winga wa raga. Nalipwa ughaibuni kwa kukimbia.

Nipo likizo nyumbani kwetu Jadida. Asubuhi mama kaniuliza tena hiyo raga yangu ni kazi gani. Nikamweleza: unapakata mpira, unakimbia pembeni mwa uwanja, watu wanakufukuza, unakwenda kuuweka chini ng'ambo ya mstari, hiyo ndiyo trai.

"Basi?"

"Basi, mama."

 

Mara wingu. Jirani yetu Bi Asha akapiga ukelele, "Anueni!", na karafuu zetu zote ziko nje kwenye majamvi. Zikirowa, jasho la msimu mzima limekwenda.

Nikakunja jamvi la kwanza na karafuu zake, nikalipakata, nikatoka mbio. Njiani nikapishana na mama. Yeye lake keshaliingiza, anafuata la pili.

Nilipofika mlangoni, mwili ukafanya ulichozoea. Nikajirusha ndani, nikaliweka jamvi chini kwa mikono miwili. Trai safi kabisa.

Jamvi likafumuka. Karafuu mpaka chini ya kabati.

Bi Asha kacheka hata kakaa chini.

Tumezizoa zote, haikurowa hata moja. Mama akajifuta machozi ya kicheko, akaniuliza taratibu:

"N'ambie mwanangu, huko kazini kwako wachukua watu wa umri gani?"

Nisaidieni jibu, jamani. Kakaa hapa ananingoja, na viatu vyangu vya raga keshavivaa.