Bi Zamzam na Habari za Lindi

Mimi Mektilda, mama Anselmi, ni Mchagga na sina subira na porojo. Bi Zamzam nilikaa naye nyumba moja Kariakoo miaka sita, mlango kwa mlango. Anayesema alirukwa na akili msibani aje kwangu, nitampa lake.

Alikuwa Mmwera wa Lindi, mjane, msusi wa mikeka ya ukili. Ndugu hapa mjini hakuwa nao. Alikuwa na binti mmoja tu, Sitara, aliyeolewa hukohuko Lindi, na mtani mmoja, Severine, Mngoni, mpishi wa meli ya pwani. Huyo Severine, meli ikitia nanga, haji kusalimu, anakuja kutukana.

"We kizee, hujafa bado? Nimekuja kurithi vyungu."

"Utatangulia wewe, mwizi wa ng'ombe," Bi Zamzam humjibu, na uani wote tunacheka.

Mwaka wa hamsini na mbili Sitara alishika mimba ya kwanza. Kwao mtoto wa kwanza huzaliwa nyumbani kwa mama mzazi, basi akamtuma Severine aseme kwamba angependa kuja na meli ya Machi. Bi Zamzam akaona aibu. Paa la chumba chake lilikuwa linavuja.

"Mwambie asubiri niezeke upya," alisema. "Aje Mei."

Aprili tufani ikaipiga Lindi. Habari zilitufikia vipande vipande: minazi imelala, mabati yameruka, nyumba zilizoanguka hazina idadi. Bi Zamzam akawa anaenda bandarini kila asubuhi kuulizia meli, akirudi anakaa kizingitini, ukili hagusi. Majirani wakamwambia maji yakimwagika hayazoleki, kana kwamba yeye hajui. Niliwafukuza.

"Mama Anselmi," aliniambia siku moja, "nimemnyima mwanangu chumba kwa sababu ya matone ya mvua."

Nikamwambia anyamaze, ale uji. Nilimkaripia, na mpaka leo linaniuma.

Siku ya kumi na mbili baada ya tufani Severine aliingia uani, kofia mkononi. Akachuchumaa mbele yake.

"Shikamoo, mama."

Bi Zamzam alijua palepale. Severine akaeleza mwenyewe, akitazama chini: ukuta ulimwangukia Sitara, wamemzika na mimba yake.

Tulikaa matanga siku tatu. Kwa Wamwera na Wangoni mtani ndiye mwenye shughuli msibani. Yeye humwigiza marehemu, huwadhihaki wafiwa, huwachekesha hata kama hawataki, ili wasife kwa majonzi. Severine alikaa pembeni tu, akilia. Watu walinong'ona, na mimi pia nilimwona hafai.

Siku ya tatu watu walipoanza kuaga, Bi Zamzam alimwita.

"Severine, mbona hunitanii?"

"Siwezi, mama."

"Usiniite mama. Aliyekuwa akiniita hivyo wamemzika." Hakupandisha sauti. "Nitukane. Nimebaki na wewe tu."

Severine alifuta uso kwa kofia yake. "We kizee," alianza, akaishia hapo.

Bi Zamzam akamtazama, akingoja amalizie. Tuliokuwa uani tulingoja naye, na Severine hakuweza.