Vodka Niliyommwagia Mzee Mutwiri

Siku hiyo nilikuwa sijaonja hata tone. Naanza na hilo kwa sababu nawajua watu: ukiwasimulia kisa chenye pombe ndani yake wanakonyezana, na ukifika mwisho wanakuuliza ulikuwa umemaliza chupa ngapi. Sikuwa nimegusa kitu. Ilikuwa Jumamosi, saa saba mchana, jua la Isiolo liko utosini, na mimi nilikuwa chini ya lori nikifunga springi. Kama hutaki kuamini, shauri yako, lakini usiseme nilikuwa nimelewa.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini. Lami ilikuwa inaishia hapa hapa kwetu, na malori ya kwenda Marsabit na Moyale yalikuwa yakingojana kwenye kizuizi mpaka yatoshe kusindikizwa na askari. Gereji yangu ilikuwa karibu na kizuizi hicho. Nilikuwa fundi mzuri, na sioni haya kusema hivyo, kwa sababu wengine wote walikuwa wanakuja kwangu kuazima spana na akili.

Tulikuwa watu watatu tuliopenda vodka. Ndiyo, vodka, Isiolo. Unacheka? Mji ulikuwa na bia ya kutosha, na chang'aa ilikuwa inapikwa vichakani kama chai, lakini pombe kali ya maana ilikuwa shida kuipata. Ukiingia baa ukaulizia vodka, mhudumu alikuwa anakuletea kitu fulani cha chupa fupi chenye harufu ya pamba ya sindano, halafu anasimama hapo kukuangalia kama utaanguka.

Aliyetufundisha alikuwa Mzee Mutwiri, Mmeru mwenzangu. Alikuwa amepikia wazungu wawindaji kwenye mahema yao mpaka uwindaji ulipopigwa marufuku, na huko porini alionja kila kitu kilichobaki mezani. Yeye alikuwa wa vodka ya Kipolandi, ile yenye ujani mmoja mrefu ndani ya chupa. Ekai, Mturkana aliyekuwa akinyunyizia dawa ng'ombe wa karantini, alikuwa wa Kirusi, na hiyo ndiyo iliyopatikana zaidi, kwa sababu Warusi walikuwa wamejaa kule Ethiopia na chupa zao zilikuwa zinavuka Moyale zimefichwa kwenye magunia ya kahawa. Mimi nilikuwa wa ile ya Wafini. Niliinywa mara mbili tu maishani, zote nilipewa na mzungu mmoja wa kuchimba visima ambaye gari lake lilikuwa likiharibika kwa hisani ya Mungu. Tulibishana juu ya vodka hizi tatu miaka na miaka. Ekai alikuwa akisema ya Wafini ni maji ya kuoshea ile ya Kirusi.

Friji hatukuwa nayo. Mzee Mutwiri alikuwa anafunga chupa kwa kipande cha gunia kilicholowa, anaitundika kwenye ukuta wa nyuma wa gereji, na upepo wa Isiolo, huo unaoujua, unafanya kazi usiku kucha. Kesho yake chupa inatoka na baridi ya kuuma vidole. Kabla ya kuitundika alikuwa anafanya mambo mawili. Kwanza alikuwa anamimina kidogo kwenye kifuniko na kuwasha kiberiti. Ikiwaka moto wa buluu, anasema ni mali safi. Pili alikuwa anamwaga tone chini kwa wale waliotutangulia. Wao kwanza, sisi kesho, ndivyo alivyotaka.

Mzee Mutwiri aliugua kifua akafa. Tulimzika kwao, upande wa Meru, na jembe nililishika kwa mikono yangu mwenyewe, kwa hiyo usije ukaniambia labda hakufa. Baada ya hapo tone la kwanza likawa lake. Tulikuwa tunalimwaga pale ukutani, mahali alipokuwa akikaa.

Kisha barabara ya kaskazini ikachafuka. Majambazi walikuwa wanashambulia malori, kahawa haikuja, na chupa hazikuja. Tulikaa miezi mingi bila kitu. Katika miezi hiyo mke wa Ekai, Akiru, alikuwa mjamzito, na sote tulikuwa tunaogopa kulitaja jambo hilo kwa sauti, maana walikuwa wameshazika watoto wawili. Alipojifungua msichana, mzima, mwenye sauti ya kuamsha mtaa, Ekai alikuja gereji akakaa kwenye tairi akalia. Sijawahi kumpenda rafiki yangu kama siku ile. Nilimwambia, "Ngoja. Huyu mtoto lazima tumnywee kitu cha maana."

Na kama vile mtu alikuwa anatusikiliza, Ijumaa ya wiki ile ile akaingia kutoka kaskazini dereva mmoja nisiyemjua. Nilimtengenezea pampu ya maji, akanipa chupa ya Kirusi. Lebo ilikuwa sawa. Kifuniko kilikuwa kimelegea kidogo, hilo nakiri nililiona, lakini uchu ni kitu kibaya. Nikamimina kwenye kifuniko, nikawasha. Moto wa buluu! Nilifurahi mpaka nikapiga makofi peke yangu. Na kwa kuwa Mzee Mutwiri alikuwa amengoja miezi yote hiyo kama sisi, sikumpa tone. Nilimpa kifuniko kizima, nikakijaza tena, nikampa cha pili. Kisha nikaifunga chupa kwenye gunia na kuitundika.

Jumamosi mchana, nikiwa chini ya lori, Ekai alipita. Ndugu yake mkubwa alikuwa amefika kutoka Kipsing na mbuzi wa mzazi, na sherehe ilikuwa nyumbani kwake Chechelesi. "Fundi, nachukua hiyo chupa!" alipiga kelele. Nikamwambia aichukue, nitakuja nikimaliza springi. Nilisikia akiondoka anapiga mluzi.

Labda nusu saa ikapita. Upepo ukakatika. Mtu wa Isiolo atakuambia hilo peke yake ni jambo la kushangaza. Nikaona miguu imevaa viatu vya tairi kando ya lori, inakwenda polepole, inapapasa chini kabla ya kukanyaga. Na juu nikasikia kiganja kinaburutwa kwenye bodi ya lori, sssss, kama cha mtu anayetafuta mlango gizani.

"Kijana yangu," sauti ikasema, "ni nani amezima jua?"

Sauti ile niliijua. Niamini, hakuna mtu asiyeijua sauti ya aliyemfundisha kunywa. Nikatoka chini ya lori kwa magoti na viwiko, na Mzee Mutwiri alikuwa amesimama mbele yangu, na koti lake la siku zote, kichwa amekiinua juu kama wanavyofanya vipofu. Macho yalikuwa wazi. Yalikuwa meupe, yote, hayana mboni.

Ungefanya nini wewe? Kukimbia? Mimi niliinuka, spana bado mkononi.

"Jana ulinipatia nini?" akaniuliza.

"Vodka, mzee. Ya Kirusi."

"Hiyo si vodka. Hiyo si pombe ya watu. Imenitoa macho."

"Lakini iliwaka, mzee. Niliiwasha kama ulivyotufundisha. Ilikuwa buluu kabisa."

Hapo akakasirika, hasira ile ile ya zamani ya mpishi aliyeharibiwa mchuzi. "Hata petroli inawaka! Utakunywa petroli? Mimi niliwafundisha vibaya. Moto haujui kitu." Kisha akanyoosha mkono, akapapasa hewani mpaka akaupata wangu. Mkono wake ulikuwa na baridi na unyevu, kama lile gunia la ukutani. "Chupa iko wapi?"

"Ekai ameenda nayo."

"Basi bado unanishikia nini? Kimbia!"

Nikakimbia. Baiskeli yangu ilikuwa mbele ya duka la jirani yangu Halake, Mborana mmoja mcha Mungu aliyehamia pale baada ya Mzee Mutwiri kufa. Halake hakuwa amewahi kumwona mzee huyo. Pombe hakuwahi hata kuinusa. Sasa sikiliza. Wakati naivuta baiskeli, Halake alitoka dukani amebeba kiti, akasimama akiangalia huku na huku.

"Salaam aleikum, fundi. Huyo mzee kipofu ulikuwa umemshika mkono ameenda wapi? Nimemletea kiti."

Nikageuka. Kando ya lori hapakuwa na mtu. Mpaka leo, nikitaka kujidanganya kwamba jua lilinipiga kichwani, namkumbuka Halake na kiti chake.

Nilivyofika Chechelesi sijui. Nakumbuka tu nimetupa baiskeli mlangoni nikaingia bila hodi. Mbuzi alikuwa motoni. Ekai, ndugu yake na wazee wawili walikuwa wameketi, bilauri zimejaa, na ya Ekai ilikuwa imeshainuliwa. Alikuwa anasema neno la shukrani kwa ajili ya mtoto, na Ekai akishukuru hana haraka. Shukrani hiyo ndefu ndiyo iliyonipa muda. Niliipiga bilauri ikaruka mpaka ukutani. Nikaipindua meza. Nikaishika chupa nikaipasua mlangoni.

Unafikiri walinishukuru? Ndugu yake alininyanyua kwa shingo. Ekai mwenyewe alinipiga ngumi ya mdomo, na jino hili la pembeni limelegea tangu siku hiyo. "Wewe fundi umeingiliwa na nini? Siku ya mtoto yangu?"

"Mutwiri amenikataza," nikasema, damu mdomoni. "Amekuja. Hiyo kitu imempofusha."

Walinitupa nje. Nilirudi nikisukuma baiskeli, watu wa mtaa wa Wabera wakinitazama, na sitakuficha, nililia njiani kwa aibu. Nilijiambia nimempoteza rafiki kwa sababu ya kivuli.

Jumatatu malori yakarudi kutoka kaskazini na habari. Dereva yule alikuwa ameacha chupa nyingine njiani. Watu waliokunywa waliamka gizani, wengine hawakuamka. Ilisemekana ni spiriti ya viwandani iliyotiwa kwenye chupa za Warusi.

Jioni hiyo Ekai alikuja. Kumbuka, enzi zile mwanamume wa Kiturkana hapiti barabarani amebeba mtoto mchanga. Alikuja amembeba mwenyewe, Akiru nyuma yake. Alimweka mtoto mikononi mwangu, mikono ilivyokuwa na grisi, akageukia ukuta ili nisimwone uso. Mtoto akanishika kidole. Nikamwambia Ekai ngumi yake ni ya kike, naye akacheka huku analia.

Lakini Akiru hakuwa anacheka. "Shemeji," akasema, "huyo mzee, bado haoni?"

Hilo ndilo lililokuwa linaninyima usingizi. Ekai alikuwa hai, mtoto alikuwa na baba, na mzee aliyewaokoa nilikuwa nimempofusha kwa mkono wangu mwenyewe, kifuniko kizima, na cha pili juu yake. Marehemu utampeleka hospitali gani?

"Alikuwa anakaa wapi?" akauliza. Nikamwonyesha. Akiru akaenda pale ukutani, akapiga magoti. "Mtoto akiumwa macho tunamwekea maziwa ya mama," akasema, kama anayetuelekeza njia ya sokoni. Akatoa titi, akakamulia matone pale chini tulipokuwa tunammwagia mzee. Mimi na Ekai tukaangalia pembeni kwa heshima. Alifanya hivyo siku hiyo, na kesho yake, na kesho kutwa.

Siku ya tatu nilimsikia amestuka. Nikatupa jicho. Akiru alikuwa ameivuta leso haraka akajifunika kifua, ameinamisha uso, kama anavyofanya mwanamke akipitiwa na mzee wa kuheshimiwa.

"Kuna nini?" Ekai akamuuliza.

"Mzee ameona," akasema, na akatabasamu na haya zake. "Ananiangalia."

Sisi hatukuona mtu. Upepo tu ulikuwa unavuma, na gunia likigongagonga ukuta. Lakini usiku ule nililala kama mtoto.

Msichana yule sasa ni mama wa watu, na Ekai amezeeka mpaka anasahau alikokuwa anaelekea. Vodka bado tunabishana juu yake, ingawa siku hizi tunainywa kwa nadra, na ikitoka dukani penye mtu tunayemjua. Kifuniko sijakiwasha tena.

Wewe unayenisikiliza, nami nakuonya kwa moyo mmoja. Chupa usiyojua imetoka wapi usiinywe, hata ikiwaka buluu ya mbinguni, hata iwe siku ya furaha kubwa kuliko zote. Na usiwape wafu kitu ambacho hujathubutu kuweka mdomoni mwako, kwa sababu wanakunywa kweli, na wanakuamini. Ukiwa huna kizuri, wamwagie maji. Hawatakulaumu.