Milima ya Leo

Wiki iliyopita nilipanda boti pale Kibirizi kwenda Mwamgongo. Mbele yangu walikaa mzee na binti yake, wakirudi kutoka hospitali. Tulipokuwa tukisubiri kuondoka, binti alininong'oneza kwamba daktari amesema macho ya baba hayataona tena.

Ziwa lilikuwa limetulia, injini ikinguruma kwa sauti ile inayobembeleza usingizi. Abiria tuliinamia simu zetu, binti akiwa mmojawapo.

"Milima ya Kongo inaonekana?" mzee akauliza.

"Inaonekana, baba," akajibu bila kuinua kichwa.

"Ikoje?"

"Mizuri."

Mzee akatabasamu. "Kwamba ni mizuri, hilo nalijua, mwanangu. Nakuuliza leo ikoje."

Kidole cha binti kikasimama juu ya kioo. Akazima simu, akaisukuma ndani kabisa ya kikapu chake, akatazama ng'ambo kwa muda mrefu.

"Leo ni ya bluu, baba. Chini imefunikwa na ukungu, utadhani inaelea. Halafu kuna mtumbwi. Mwenyewe kasimama, hapigi kasia."

"Anafanya nini?"

"Anatazama tu."

"Basi endelea. Na mimi natazama."

Akamsimulia hadi Mwamgongo, kiganja cha baba yake kikiwa ndani ya vyake viwili. Nami nikainua kichwa, nikafuata kila alichokitaja. Njia ile nimeipita miaka mingi.

Botini tulikuwa vipofu wengi, ila mmoja tu ndiye aliyeomba kuoneshwa.