Chausiku na Koti la Jonas

Nimeuza vifungo, nyuzi na zipu Mwananyamala kwa miaka thelathini na moja, na nguo nashona hapo hapo dukani, lakini sijapata mteja mgumu kama Chausiku binti Kondo. Ni mwigizaji, uso wake unajulikana mpaka Kigoma, ila akiingia dukani kwangu utadhani amekuja kuomba maji ya kunywa. Gauni la bluu iliyokolea, mikono mirefu, halina ua wala lesi. Leso begani, kandambili miguuni, basi. Magauni ya namna hiyo anayo manne, yote nimemshonea mimi, na kila nikimshawishi tutie japo nakshi kidogo shingoni ananikatalia kama vile nimemtukana.

"Roshan, shoga yangu," huniambia, "mie kazi yangu kuvaa watu. Sasa nikijipamba kutwa nzima, hao watu watakaa wapi?"

Mimi ni Mhindi wa Kikhoja, nimezaliwa hapa hapa Dar, na babu yangu alikufa na futi ya kupimia vitambaa shingoni. Kwetu mwanamke asiyependa nguo nzuri anatafutiwa daktari. Nilikaa miaka mingi nikimwona Chausiku ana kasoro, mpaka nilipoanza kumtazama anavyofanya kazi.

Nguo za kuigizia ndizo anazozihangaikia. Mpya hazitaki. Akipewa nafasi ya mama ntilie, atakwenda kwa mama ntilie wa kweli, atampa doti mpya ya kanga, achukue ile iliyoungua pindo kwa jiko. Ataivaa nyumbani siku tatu, atafagia nayo, atalala nayo, mpaka ajue mwenyewe huipandisha kwa mkono upi. Siku moja alikaa kwenye benchi langu toka asubuhi mpaka adhuhuri akitazama wateja wanavyofungua pochi zao. Nikamuuliza anatafuta nini.

"Aibu," akasema. "Kila mtu ana mahali pake anapoificha."

Nilimwambia aache kuwatisha wateja wangu.

Balaa lililompata linaitwa Bi Nongwa. Ni mama mkwe mmoja mwenye roho mbaya katika tamthilia, anayewatesa wake za wanawe na kuwachonganisha, na Chausiku alimwigiza miaka sita. Watu walimpenda kwa kumchukia. Watoto wa mtaani wakimwona wanaimba, "Bi Nongwa! Bi Nongwa!" Sokoni wanawake wanampa nyanya za bure ili asiwalaani. Mwanzoni alicheka. Mwaka jana akapewa nafasi ya mama aliyefiwa na mwanawe, akaitendea haki, akalia mle ndani machozi ya kweli, na siku ya kuionyesha filamu ile ukumbi mzima ulicheka. Kila alipolia, walicheka.

Kesho yake alikuja dukani akakaa kwenye benchi langu.

"Shoga, uso wangu umekwisha," akasema. "Wamemvalisha yule mwanamke uso huu, na sasa hauvuliki. Nitakufa nikiwa Bi Nongwa."

Nilimpa chai ya maziwa, akaishika mpaka ikapoa. Sijawahi kumwona na hofu vile, na niliogopa pamoja naye.

Ng'ambo ya barabara, ukitazamana na duka langu, ilikuwapo karakana ya Jonas, seremala, Mnyamwezi wa Urambo. Chausiku ni Mzaramo. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, Wanyamwezi walipokuwa wakishusha mizigo pwani kwa mabega yao, kwa hiyo wale wawili walitukanana kila asubuhi kwa raha zao.

"Mpagazi wangu, umeamkaje?"

"Nimeamka salama, mla nazi we. Kumbe bado hujafa?"

Mtani haishii hapo. Mtu akifa, mtani wake ana haki ya kuja msibani amwigize: avae nguo zake, atembee mwendo wake, aseme maneno yake, mpaka wafiwa wacheke, halafu adai kuku. Na hakuna ruhusa ya kumkasirikia. Mimi nimekulia imambara, ukumbi wetu wa maombolezo, ambako kilio kina utaratibu wake, na mara ya kwanza kusikia habari hizi niliziba masikio. Lakini Chausiku anasema uigizaji wake wote ameutoa huko. Bibi yake mzaa mama, kule Kisarawe, alikuwa akiitwa vijiji kwa vijiji.

"Bibi yangu hakuwahi kuiona kamera," huniambia. "Ila alikuwa anamrudisha mtu. Kidogo tu, watu wamuage."

Jonas alikuwa amekwisha kumwekea ahadi. "Mie nitatangulia," alimwambia mara nyingi, huku akipiga randa. "Na usipokuja kuniigiza, Chausiku, nitakufuata mpaka kwenye hiyo tivii yako." Naye Chausiku aliapa kwamba atakuja.

Akatangulia kweli. Ilikuwa Jumanne, masika yamepamba moto. Alianguka karakanani mbele ya mlango aliokuwa akiupiga randa, hakuinuka tena. Maziko yakapangwa Alhamisi.

Sasa, koti lake la kazi lilikuwa kwangu. Jumamosi iliyotangulia alikuwa ameniletea, kaki iliyopauka, mfuko wa kulia umetoboka. Mfuko ule ulikuwa hadithi ya mtaa. Mkewe, Kokuberwa, Mhaya asiyependa mambo ya ovyo, alikuwa akimwambia miaka nenda miaka rudi, lipeleke kwa Roshan, naye anajibu, "Kesho." Sijui nini kilimsukuma Jumamosi ile akalileta. Nilipopata habari ya kifo, nikaona heshima pekee niliyo nayo ni hiyo. Nikalifua mara mbili. Nikauziba mfuko kwa uzi maradufu, nikalipiga pasi mpaka likasimama lenyewe. Penseli na futi ya chuma vilivyokuwa mfuko wa kushoto nikavitia kwenye kopo langu la vifungo. Nilijiona nimefanya jambo la maana.

Alhamisi asubuhi Chausiku akaja kulichukua. Akalipeleka puani.

"Umelifua?"

"Na pasi nimelipiga."

Akatia mkono mfukoni. Vidole vikagota chini. Uso ukambadilika.

"Roshan! Umemfua Jonas! Umemfua, ukamnyoosha, ukamziba!" Akakaa sakafuni, hapo hapo kati ya mabunda ya bitana. "Mie nilikuwa namtegemea huyu koti. Nitamshika wapi tena?"

Nilikasirika, nisidanganye. "Maiti anapewa kilicho safi, bibi wee," nikamwambia. "Huo ndio ustaarabu."

Yeye alikuwa akitazama karakana iliyofungwa. Akauliza taratibu, "Alikuwa anaushikaje ule mfuko?"

Nilifungua kinywa niseme sijui, na mkono wangu ukajibu kabla yangu. Ulikwenda wenyewe ubavuni, kiganja kikakinga chini, kama mtu aliyebeba yai. Miaka yote ile Jonas alitembea hivyo ili penseli isidondoke! Nilikuwa nimemwona kila siku ya Mungu, na sikuwa nimemwona.

"Hapo!" Chausiku akaruka. "Hapo hapo! Usitoe mkono."

Akanitazama mpaka akaridhika, kisha akaniomba wembe. Nikamkatalia, nilichoshona mimi nitafumua mimi. Nilikata mshono mmoja mmoja, na katika maisha yangu sikuwahi kuharibu kazi nzuri kwa makusudi. Nilipomaliza nikampa na penseli na futi.

Msibani turubai lilikuwa limefungwa uchochoroni. Benjamin, mtoto pekee wa marehemu, alikuwa amekuja toka Kimara na mshereheshaji mwenye kipaza sauti, viti vilivyovishwa vitambaa vyeupe na ratiba iliyochapishwa. Simsemi vibaya. Alimpenda baba yake na hakutaka mtu aseme seremala amezikwa kihuni.

"Shikamoo mama," akamwamkia Chausiku.

"Marahaba baba. Pole sana. Mie mtani wa marehemu, nimekuja na kazi yangu."

Benjamin akaliona lile koti mkononi. "Mama, nakuomba, leo hapana. Watu wakikuona wewe watacheka, watamwona Bi Nongwa. Baba yangu hakuwa kichekesho."

Na kweli, nyuma yake wasichana wawili walikwisha kunyanyua simu. "We, si Bi Nongwa yule!" Mtu akacheka. Kijana alikuwa amemgusa mama wa watu penye kidonda chenyewe, na hakujua.

"Mtani haombi ruhusa, mwanangu," Chausiku akasema polepole. "Ila nimekusikia." Akageuka akaondoka. Nilidhani amekwenda kwake, na roho iliniuma kwa ajili yake na kwa ajili ya Jonas.

Nikaenda kukaa mkekani na wanawake, kando ya Kokuberwa. Tangu Jumanne hakuwa amelia. Hakula, hakusema, alitazama tu mbele kama mtu anayesubiri mgeni aliyechelewa, na wanawake walinong'onezana kwamba kilio kisipotoka kitamuua. Mshereheshaji alikuwa akisoma wasifu wa marehemu.

Ndipo nikasikia makatambuga, vile viatu vya matairi alivyovaa Jonas kazini, yakiburuta upande wa karakana.

Chausiku akaingia amevaa koti. Kicheko kikaanza mara moja, simu zikapanda juu. "Bi Nongwa kavaa koti!" Yeye hakugeuka. Hakutunisha tumbo, hakukoromesha sauti. Alitembea tu, kiganja cha kulia kimekinga mfuko. Akafika kwenye kiti kimoja cheupe, akakifunua kitambaa, akakitikisa kiti kusikiliza maungio yake, akafyonya. Akakifunika tena kwa huruma.

"Eeh," mzee mmoja akasema nyuma. "Jonas."

Kicheko kikakatika. Niliona simu zinashuka, moja, nyingine, ya tatu. Mshereheshaji akanyamaza bila kuambiwa.

Akaja mpaka ukingoni mwa mkeka wetu, na hapo akausahau mfuko, akajikuna shingo. Penseli ikapita tunduni ikadondoka. Akainama, mkono kiunoni, akiguna, akaiokota akairudisha mfuko ule ule. Ikadondoka. Akaitazama kama mtu aliyesalitiwa na rafiki, akaiokota, akairudisha mfuko ule ule. Mimi niliyeufumua kwa mikono yangu, nakuapia, sikumwona Chausiku pale. Nilitaka kusimama nimwambie Jonas koti lako liko tayari, samahani kwa kuchelewa.

Kokuberwa akainua kichwa.

"Baba Benja," akasema, kwa sauti ya kila siku, sauti ya mke aliyechoshwa. "Si nilikwambia ulipeleke kwa Roshan?"

Chausiku hakumtazama. Alipapasa mfuko, akauinua, akauchungulia.

"Kesho," akasema.

Kokuberwa akacheka. Alicheka kwa nguvu, akapiga paja, na ndani ya kicheko hicho hicho kilio kikafunguka, akalia mpaka tukamshika wanne. Benjamin alikuwa amechuchumaa, ratiba usoni, mabega yanamtikisika, na mpaka leo sijui alikuwa anacheka au analia. Nadhani hata yeye hajui.

Mimi nimelia imambara tangu utotoni kwa ajili ya mashahidi wa dini yetu waliokufa karne nyingi zilizopita, kwa hiyo najua sauti ya mtu mmoja inaweza kufanya nini. Lakini mtu kutoka ndani ya uso wake mwenyewe, auache wazi, mwingine aingie? Hilo sikuwahi kuliona, na lilinitia hofu ile anayokuwa nayo mtu akisimama mbele ya kazi ya Mungu. Nami miaka yote nilikuwa nikimbembeleza atie nakshi shingoni.

Tuliporudi kutoka makaburini watu wakanawa, chakula kikaletwa. Chausiku alikwisha kumkabidhi Kokuberwa koti. Alikuwa amenawa uso kwenye ndoo, akajifunga leso kichwani, akakaa kati yetu na gauni lake la bluu akila wali kwa kasi ya mtu mwenye njaa.

Benjamin akatoka nyuma ya nyumba na jogoo mwekundu aliyefungwa miguu.

"Yuko wapi mtani wa baba?" akawa anauliza. "Yule mama yuko wapi?"

Akapita mbele ya mkeka wetu, macho yakatembea juu ya nyuso zetu zote, akaendelea. Wale wasichana wenye simu nao walikuwa wakimtafuta, wakamruka. Nilitaka kuita, Chausiku akanifinya paja. Benjamin akafika mwisho wa turubai, akarudi, akapita tena hatua mbili kutoka tulipo, jogoo akipiga mabawa.

"Umeona?" Chausiku akaninong'oneza. Tonge lilikuwa limesimama mkononi mwake na macho yamejaa machozi. "Kanipita, shoga. Hakumwona Bi Nongwa."

"Nimeona."

"Mara mbili, Roshan. Mara mbili!"

Akajifuta kwa pindo la leso, akakohoa kidogo, akainua mkono wake wenye punje za wali.

"Wewe, mtoto wa mpagazi!" akaita. "Unazunguka na kuku wangu mpaka lini?"