Chuma cha Kulehemu na Mayai ya Mama

Nimeshona nguo miaka mingi hapa Utemini, Singida, na pasi hainishangazi tena. Lakini risasi ikiyeyuka mbele yangu, mpaka leo naacha kazi nikatazama. Nasema risasi ya mafundi redio, ule waya laini wa kijivu unaouzwa umezungushwa kama uzi. Unaugusisha penye chuma cha moto, unagoma kidogo, halafu ghafla si waya tena. Unang'aa, unakimbia wenyewe kuzunguka mguu wa kifaa, unajaa pale panapotakiwa, unatulia. Hakuna aliyeusukuma. Siku ya kwanza kuuona niliisahau chai yangu mpaka ikapoa.

Watu huniuliza fundi cherehani anatafuta nini kwenye nyaya. Wengine wana mpira, wengine wana umbea, mimi napenda kuona taa ndogo ikiwaka kwa kazi ya mkono wangu. Nilianza na redio mbovu za majirani, nikaifungia cherehani yangu taa, kisha nikapewa friji lililokufa nikaligeuza mashine ya kutotoa mayai. Ndani niliweka balbu za kupasha joto, feni ndogo, na bodi ya kuziwasha na kuzizima balbu kadiri joto linavyoshuka au kupanda. Mama yangu alipokuja kunitembelea aliliangalia friji lile, akaniuliza kama kuku wataingia humo kupozwa. Akacheka mpaka akajifuta machozi. Mashine ikakaa pembeni, haijapewa yai hata moja.

Kisha kideri, ule ugonjwa unaomaliza kuku, kikaingia kijijini kwa mama, kule upande wa Ulemo. Anayefuga kuku anajua neno hilo linavyotisha. Jioni kuku wamepanda kulala, asubuhi wamelala chini. Mama alishuka na basi siku moja, kikapu amekikumbatia kifuani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Nikamvutia kiti, hakukaa. "Wameisha."

"Wote?"

"Wote, na wa majirani. Kijiji kizima hakuna kuku wa kuatamia."

Akafunua kikapu. Ndani, katikati ya pumba za mtama, yalikuwepo mayai, yaliyotagwa kabla ugonjwa haujafika.

Kuku wa mama walikuwa kishingo, wale wenye shingo tupu isiyo na manyoya, wabaya wa sura lakini wagumu wa maisha. Siku alipoolewa, bibi alimpa tetea mmoja wa namna hiyo aende naye kwa mume. Kuku wote waliofuata nyumbani kwetu walitoka kwa yule tetea. Wageni walichinjiwa hao, sare zangu za shule zilitoka kwa hao. Bibi alishafariki zamani, nyumba yake ilibomoka, hata picha hakuacha. Kitu cha bibi kilichokuwa bado kinatembea duniani ni wale kuku, na sasa yalikuwa yamebaki mayai hayo tu kwenye pumba.

"Lile friji lako," mama alisema, "linaweza?"

Hakucheka. Afadhali angecheka. Mtu aliyekuwa akizitania nyaya zangu alikuwa ameziletea mirathi ya mama yake, na mimi nilikuwa najua jambo ambalo yeye halijui: ile bodi ilikuwa mbovu. Balbu zilizima zinapotaka na kuwaka zinapotaka. Viungo vyangu vya risasi vilikuwa vimefifia, vimefanya madonge, ishara kwamba havikushika.

Nikakaa barazani, ninaposhonea, nikawasha chuma changu cha kulehemu, kile cha sokoni chenye mpini mwekundu. Kile chuma hakikujua kati. Kinaanza baridi, kinaparuza risasi kama kijiti, ukikisubiri kinageuka jehanamu. Nilikikandamiza palepale muda mrefu kwa hasira, na nilipokiinua, njia ya shaba inayopitisha umeme ikabanduka kutoka kwenye bodi na kukifuata. Bodi ikafa mikononi mwangu, mama akiwa anaangalia. Alirudishia pumba juu ya mayai, akakiweka kikapu mahali penye kivuli.

Yai husubiri siku chache tu, baada ya hapo uhai ulio ndani unakata tamaa. Kesho yake tukaenda mjini wote wawili, kutafuta bodi mpya na chuma cha kuaminika. Muuza vifaa, baba wa makamo, alimwamkia mama kwa heshima, kisha akanipangia vyuma vitatu juu ya meza na kuanza kuvisifu kwa ukali wao.

"Hiki dada, kina moto balaa. Hiki hata sufuria kinatoboa."

Nikamwambia sikuja kutoboa sufuria. Pasi imenifundisha kwamba moto mkali haumfanyi mtu fundi, unamfanya alipe nguo za watu. Nilimwomba avichomeke vyote kwenye umeme, nikatoa mkobani kipande kinene cha waya wa shaba na risasi yangu. Kupata moto chuma chochote kinaweza. Nilitaka kujua kitafanya nini baada ya kugusa kitu kikubwa cha baridi. Kile cha kutoboa sufuria kiliyeyusha risasi kwa fujo, kilipogusa shaba kikazimia, na ncha yake ikawa nyeusi, inaikataa risasi, inaiangusha matone. Cha pili mpini wake ulichemka hadi nikakitua. Cha tatu kilikuwa chembamba, kimeungwa kwenye kisanduku chenye kitufe cha kuchagulia joto, hakina majivuno. Nikakigusisha kwenye shaba. Kikapoa kidogo, taa ya kisanduku ikawaka, kikarudi kwenye joto lake. Nikagusa tena, kikarudi tena. Risasi ikaivisha ncha yake kote, nyeupe, inang'aa.

Mama alikuwa ameinama, pua karibu na meza.

"Huyu anaatamia," alisema. "Wale wawili wanapanda na kushuka, wanaozesha mayai."

Muuzaji akacheka. Mimi sikuweza, nilikuwa nimepatwa na mshangao. Miaka yote nilitafuta maneno ya kueleza chuma kizuri ni kipi, na mama, aliyeviona kwa mara ya kwanza siku ile, ameyasema akiwa ameshika mkoba. Tukakichukua kile chembamba, na ncha ya akiba.

Nyumbani nikakaa tena barazani na bodi mpya, nikaunganisha waya wa kwanza. Kiungo kikatoka kimefifia. Nikarudia, kimefifia. Chuma kizuri, risasi nzuri, mkono uleule, na bado donge. Nilisema maneno yasiyofaa kusemwa mbele ya mama. Nilitaka kukipandisha moto hadi mwisho.

Mama akasimama. Akafungua kitenge alichojifunga juu, akakishika kwa mikono miwili upande wangu wa kushoto, kama anavyolikinga jiko la mkaa.

"Upepo unakula moto wako," alisema.

Nikautazama moshi wa risasi. Hadi wakati ule ulikuwa ukilala chini na kukimbilia mlangoni, sasa ulipanda wima. Sisi wa Singida tumezaliwa ndani ya upepo, tunaanika, tunapepeta, tunafunga milango kwa mawe, mpaka hatuuhesabu tena. Ule mpini mwekundu nilikuwa nimeulaumu kwa makosa yake na ya upepo pia. Nikaweka chuma, nikaweka risasi. Ikang'aa, ikakimbia, ikatulia. Kitenge kikashuka kidogo kwa sababu aliyekishika alikuwa ameduwaa.

"Rudia," mama alinong'ona.

Nikarudia kiungo baada ya kiungo, naye akiwa amesimama vile hadi kazi ikaisha. Nilipotaka kumpokea kitenge alikataa.

Mayai yakaingia. Balbu zikawaka, zikazima, zikawaka kwa wakati wake. Mama hakurudi kijijini. Alikuwa akiyageuza kila siku, na mara kwa mara alitoa moja akaligusisha kwenye ukope wa jicho lake lililofumbwa, maana kipimajoto changu alikiheshimu tu, hakukiamini. Wiki zikapita hivyo. Mengine, yaliyoharibika, aliyatoa na kuyatupa.

Asubuhi moja nilikuwa nakata kitambaa aliponiita kwa sauti ya chini sana. Alikuwa amepiga magoti mbele ya friji, yai ameliweka sikioni. Akanipa. Nikasikiliza, na ndani ya lile ganda, ndani ya lile friji lililokufa, kulikuwa na mtu anaita. Kasauti kembamba, mara mbili, kisha kimya. Nyaya zangu, risasi yangu, na humo ndani kuna anayeita.

"Anamwita mama yake," mama alisema. "Kuku huwa anawajibu wakiwa bado ndani. Wasipojibiwa wanaogopa kutoka."

Akainama mlangoni mwa friji, mwanamke mzima wa mvi, akalia kama tetea, polepole, kooni. Yai likajibu. Na lingine pembeni likajibu. Juu ya la kwanza ukaonekana ufa mwembamba kama uzi, na baada ya muda mrefu kikatoka kichwa kilicholowa, chini yake shingo tupu, nyekundu, mbaya kabisa, shingo ya kuku wa bibi.

Mama alilia, hakujificha. Kisha akajisogeza, akanionyesha sakafu pembeni yake.

"Njoo umjibu na wewe," alisema. "Aliyeatamia ni wewe."

Nikapiga magoti, futi ya kupimia bado iko shingoni, nikalia kama kuku.